Kufuli la Dirishani

Shuka lile lilianikwa alfajiri, kabla majirani hawajafungua milango, na bado Wifi aliliona. Macho ya Wifi hayakuwa na likizo. Alitoka uani mswaki ukiwa mdomoni, akalizunguka shuka kama mnunuzi anayekagua mbuzi, akalibana kwa vidole viwili, kisha akatema povu.

"Leo tena?"

Mama Pasi alikuwa ameinamia beseni, anasuuza foronya.

"Nakuuliza, wifi yangu. Juzi shuka, jana shuka, leo shuka na foronya yake. Nyumba hii haina mtoto mchanga. Sasa nani anayekojoa?"

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kawaida, na sauti ya kawaida ya Wifi huvuka ukuta. Upande wa pili mtu alipunguza redio ili asikie vizuri.

"Ni jasho," Mama Pasi alisema.

"Jasho!" Wifi alicheka hadi povu likamtiririka kidevuni. "Kaka yangu analala ubavuni pako, anaamka mkavu kama kuni. Jasho gani hilo linalochagua mtu mmoja kitandani? Sema tu umezeeka kibofu, tukununulie mpira wa kutandika."

Nyuma ya ukuta mtu alikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Mama Pasi aliikamua foronya ile kwa nguvu kiasi kwamba mshono ulilia. Alikuwa mwanamke wa kujikaza, miaka mingi amepiga pasi nguo za watu katika duka la dobi, na huko ndiko alikolipata jina lake. Kusimama kutwa kwenye mvuke hakukuwahi kumshinda. Lakini tangu mvua za mwaka uliopita, mwili wake ulikuwa umegeuka mpangaji mkorofi. Ulimwamsha umelowa chapachapa, ukamnyang'anya usingizi, kisha mchana ukamfanya apandwe na hasira kwa jambo dogo kama kijiko kilichoanguka. Hakujua ni nini. Aliogopa kuuliza, kwa maana kila jibu alilolifikiria lilikuwa jina la ugonjwa wa kufa.

Mumewe akatoka, funguo zikimlia kiunoni. Mtaani walimwita Fundi Kufuli, na nyumba yake ilikuwa tangazo la kazi yake: mlango wa mbele una kitasa na komeo, geti lina mnyororo, hata kabati la sukari lina kufuli dogo la shaba. Watu walioibiwa ndio wateja wake. Kutwa nzima walimsimulia walivyoibiwa, naye alikuwa amejitungia imani moja aliyoishika kuliko imani nyingine zote: hakuna nyumba inayoingiliwa bila mtu wa ndani kufungua.

"Dirisha lilikuwa wazi tena," alisema.

"Nilikuwa nawaka, Fundi. Nilidhani nitakata roho."

"Mwizi haulizi kama unawaka."

"Huyu mwizi wako nimemsubiri tangu unioe, hajafika."

Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama shuka, siyo mkewe. "Unaamka. Unajimwagia maji. Unabadilisha gauni. Halafu unafungua dirisha na kusimama hapo. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungefikiri nini?"

"Ningeuliza."

"Haya, nauliza. Unamsubiri nani?"

Foronya ilimtoka mikononi, ikatua kwenye vumbi. Wifi alisimamisha mswaki. Mama Pasi aliokota ile foronya, akaitumbukiza upya katika beseni, akaanza kuisuuza toka mwanzo. Alijua akifungua mdomo tu, kitakachotoka hakitarudishika.

*

Duka la dobi lilikuwa chumba kirefu chenye dari la chini. Kwenye kona ya ndani kabisa, mbali na mlango, ndipo ilipokuwa meza ya pasi ya mvuke. Msimamizi waliyembandika jina la Bwana Haraka aliiweka huko kwa sababu mlangoni alitaka kukaa yeye, apungwe na upepo na kuonekana na wateja.

"Haraka, haraka! Mapazia ya hoteli yanatakiwa leo, siyo siku ya kiyama!"

Mama Pasi alikuwa katikati ya marinda ya pazia joto lilipoanza. Lilianzia kifuani, kama mtu kaweka kaa chini ya sidiria. Likapanda shingoni, likashika masikio, halafu jasho likamwagika mgongoni kama aliyemwagiwa kopo la maji. Moyo ulimdunda. Aliisimamisha pasi, akapita katikati ya marundo ya mashuka, akaenda kusimama nje, ameshika kola ya sare yake na kuipeperusha.

"Wazimamoto!" Bwana Haraka alipaza sauti. "Leteni ndoo, Mama anaungua!"

Duka zima likaangua kicheko. Wasichana wa kukunja nguo ndio waliocheka zaidi, wasichana ambao yeye ndiye aliyewafundisha kushika pasi bila kujichoma. Mmoja aliigiza, akajipepea kwa mfuko wa nailoni huku akirembua macho. Mama Pasi aliliona hilo kupitia kioo cha mlango. Alitamani arudi ndani amlambe kofi, kisha akaona haya kwa kulitamani, kisha akapandwa na hasira kwa kuona haya.

Aliporudi mezani, Bwana Haraka alimfuata. "Mama, hii ni mara ngapi sasa? Unatoka, unasimama, unarudi. Nenda kapimwe. Kama ni homa ya kuambukiza, siwezi kuwapelekea wateja wangu mashuka yenye homa."

"Sina homa."

"Wewe umekuwa daktari lini?"

Basi akaenda. Zahanati, alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, waliomtazama tumbo na kisha uso, wakijaribu kuoanisha. Nesi aliyemwita alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimpima presha, akampima damu, akauliza maswali mengi, na mwisho akavua miwani.

"Siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Zinakuja zikipenda. Ziliondoka, zikarudi kwa kishindo, sasa zimenyamaza tena."

"Na joto linakuja ghafla. Usingizi hakuna. Unalia bila sababu, unagombana na vyombo."

Mama Pasi alikodoa macho. "Nani amekwambia?"

"Mwili wangu mwenyewe ndio ulioniambia, mama. Huna ugonjwa. Ni kukoma hedhi. Mwili unafunga duka la uzazi, na kufunga duka kuna purukushani zake. Wengine wanapita kimya, wengine kama wewe wanapita na kelele."

Mama Pasi alikuwa ameshajizika mara nyingi moyoni mwake, ameshawagawia watu vyombo vyake. Sasa anaambiwa hafi. Badala ya furaha, kilichopanda ni ghadhabu.

"Mbona hakuna aliyeniambia? Mama yangu alinionyesha namna ya kufunga kitambaa siku ya kwanza. Hii ya mwisho hakuitaja hata kwa bahati mbaya!"

"Na yeye hakutajiwa." Nesi alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Yapo mambo ya kubadilisha katika maisha yako, na mengi yanasaidia. Chumba cha kulala kiwe na hewa, fungua dirisha. Vaa pamba nyepesi, vaa tabaka tabaka ili uweze kupunguza moja. Chai nzito na kahawa punguza, hasa jioni. Pilipili iangalie, wengine inawawasha moto. Kula mboga, kunywa maziwa, mifupa yako inahitaji nguvu sasa. Tembea kila siku, utembee haswa, siyo kujikokota. Kazini omba ukae penye upepo. Lala saa ile ile kila siku. Ukiona bado yanakuzidi, rudi, zipo dawa za hospitali, tutaangalia kama zinakufaa. Za kuuziwa barabarani usiguse. Na ukikaa mwaka mzima bila siku zako, halafu damu ikatokea, usingoje kesho, njoo hapa."

Mama Pasi alianza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya, mpaka mjamzito mmoja akachungulia mlangoni.

"Nesi wangu, dirisha ni la mume wangu. Chai na pilipili ni za wifi yangu, yeye ndiye anayepika. Penye upepo pale kazini pana msimamizi, amekaa. Unaniambia nibadilishe maisha. Haya maisha yana wenyewe."

Nesi hakucheka. "Basi anza na kile ambacho hakina mwenyewe."

Mama Pasi akajitazama chini. "Labda miguu."

"Anza na miguu."

*

Bintiye, ambaye alikuwa akijifunza ushonaji na bado anaishi nyumbani, alimwazima raba zake za zamani. Kila jioni akitoka kazini, Mama Pasi alifunga kanga kiunoni juu ya suruali, akaenda kuzunguka uwanja wa shule ya jirani. Siku za mwanzo aliona aibu, akawa anashika mfuko mtupu ili watu wadhani ametumwa dukani. Baadaye aliuacha ule mfuko. Alitembea na mikono ikibembea, pumzi ikimpanda, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi jasho lililomtoka lilikuwa jasho aliloliita mwenyewe.

Nyumbani alijimiminia maji badala ya chai. Aliomba mboga yake ipakuliwe kabla ya pilipili kutiwa.

"Sasa chakula changu kina sumu?" Wifi aliuliza, mwiko hewani.

"Ni ushauri wa nesi, wifi. Ni hali ya umri, siku zangu zinakoma."

Mwiko ulitulia kidogo. Kitu kilipita usoni mwa Wifi, kikapita upesi kama mtu anayekatiza barabara asionekane. Halafu akafunika sufuria kwa kishindo. "Nesi, nesi! Mambo ya kusemwa hadharani hayo? Huna haya?"

Mama Pasi alimwambia na mumewe, wakiwa wamekaa mezani. Alisema wazi, kwa maneno ya nesi, na Fundi akainua mkono kama anayezuia gari. "Mambo ya kike, mama watoto. Mimi yananihusu nini?"

"Yanahusu dirisha."

"Hapo sasa ndipo ninapopata shida. Kila mazungumzo yako yanaishia dirishani."

Hata hivyo dirisha alilifungua, kila mara baada ya Fundi kuanza kukoroma, naye akawa analala. Hakulala usiku kucha, lakini vipande vya usingizi viliungana, kama nguo inayoshonwa viraka. Mashuka kwenye kamba yakapungua. Kazini alivaa blauzi nyepesi chini ya sare, akawa analegeza vifungo joto likija, anavuta pumzi ndefu, anaendelea. Hata wale wasichana walianza kuchoka kumcheka. Kidogo kidogo akaanza kujikumbuka alivyokuwa.

Wifi ndiye asiyevumilia. "Kaka," alisema mbele ya Mama Pasi, kama vile hayupo. "Mwanamke mwenye umri huo anavaa raba jioni, anatoka mbio mbio, anarudi anahema, uso unang'aa. Mimi sisemi kitu. Nasema tu unang'aa."

Fundi alitafuna, akameza. Siku iliyofuata Mama Pasi alirudi kutoka kazini akamkuta chumbani, amepiga magoti kwenye kitanda, anazungusha bisibisi. Alikuwa amepitisha ubapa wa chuma juu ya mabawa ya dirisha, toka fremu hadi fremu, na mwisho wake ameufunga kwa kufuli.

"Nini hiki?"

"Usalama."

"Wa nani?"

Fundi alijaribu kufuli kwa kulivuta, kama anavyowaonyesha wateja. Halikutikisika. Akatia ufunguo mfukoni. "Na geti nitakuwa nalifunga mapema. Kutembea, tembea mchana."

"Mchana nipo kazini!"

"Basi ndiyo hivyo."

*

Chumba kikawa chungu kilichofunikwa. Hakuna haja ya kusimulia zile nyakati za giza, mwanamke amekaa sakafuni ameegemeza mgongo ukutani, anatafuta sehemu ya sementi ambayo bado ni ya baridi. Inatosha kusema kwamba mashuka yalirudi kwenye kamba, na redio ya jirani ikarudi kupunguzwa.

Alikwenda kazini macho mekundu. Siku moja, akinyoosha sare za wapishi, alisinzia akiwa amesimama. Mvuke ulimchoma kigasha chote, ngozi ikabanduka palepale. Alipiga ukelele, na pasi ikaangukia rundo la mashuka meupe.

Wasichana walimkimbilia na maji. Bwana Haraka alikimbilia mashuka.

"Niletee mumeo," alisema, akiwa ameinua shuka lenye alama ya kahawia. "Na wewe siongei tena. Namtaka mumeo."

Kama mtoto wa shule aliyevunja kioo! Mama Pasi, mkono umefungwa kitambaa kibichi, alisimama pembeni ya mlango wakati wanaume wawili wanazungumza mbele yake. Fundi alikuja na mkoba wake wa vifaa, akapewa kiti. Yeye hakupewa.

"Mzee mwenzangu, mkeo ni mfanyakazi mzuri, siwezi kusema uongo. Lakini amebadilika. Analala. Anatoka nje kila saa."

Fundi alikaza macho. "Anakwenda wapi?"

"Haendi. Anasimama tu hapo nje, anafungua kola."

"Anafungua kola," Fundi alirudia polepole.

"Nipo hapa," Mama Pasi alisema. "Niulizeni mimi."

Hakuna aliyegeuka. "Mimi naona apumzike," Bwana Haraka aliendelea. "Umri umekwenda. Abaki nyumbani."

"Hata mimi nilikuwa nalifikiria hilo," Fundi alisema. "Abaki nyumbani. Nakubali."

Wakapeana mikono. Hivyo tu, kazi yake ya ujana wote ikapita kutoka kiganja kimoja kwenda kingine, na yeye amesimama hapo hapo, anaangalia kama mtu ambaye mbuzi wake anauzwa mbele yake.

*

Njiani Mama Pasi alipitia zahanati. Nyumbani alikaa sebuleni, mkono unamuungua, bintiye anampaka dawa aliyopewa huko. Wifi alikuwa mlangoni, ameegemea. Fundi alining'iniza mkoba wake, akaketi, akavua viatu, akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza jambo:

"Sasa utapumzika."

Hapo ndipo maji yalipofika shingoni.

"Lete ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa dirisha. Lete."

"Sema kwanza ulikuwa unakwenda kwa nani jioni. Sema mbele ya dada yangu, na mbele ya mwanao. Tumalize."

"Baba!" binti alisema.

"Wewe nyamaza."

"Asinyamaze," Mama Pasi alisema, akasimama. "Asinyamaze hata kidogo. Naye atafika hapa nilipo, na sitaki afike kipofu kama nilivyofika mimi. Unataka kujua nilikuwa nakwenda kwa nani? Nilikwenda kwenye uwanja wa shule, nazunguka kama punda wa kinu, ili nikilala nipate usingizi, nikipata usingizi nisijichome! Nilikwambia, ukainua mkono. Nilikwambia nawaka, ukaniambia habari za mwizi. Fikiria umevalishwa koti la sufu kwenye jua, Fundi, koti lisilo na vifungo, huoni pa kulivulia. Ndiyo hali yangu. Nikaomba dirisha tu. Sikuomba gari, sikuomba dhahabu. Dirisha! Ukanifungia kama sukari!"

Alikwenda chumbani, nao wakamfuata wote, kwa sababu hakuna aliyejua atafanya nini. Alichomoa kibanio cha nywele, akakinyoosha kwa meno, akapanda kitandani na viatu vyake. Fundi alitabasamu kidogo.

"Hilo ni kufuli, mama, siyo kopo la—"

Kufuli lililia *tak*. Likafunguka.

Fundi alikuwa amesahau jambo moja kuhusu mkewe. Enzi za ujana wao, karakana ya Fundi ilipokuwa sanduku moja kando ya barabara, nani alikuwa anakaa naye akishika tupa na kusugua funguo? Nani alikuwa anafunguliwa makufuli mabovu mbele yake, akaambiwa tazama, hili la bei rahisi ukiligusa tu linaachia?

"La bei rahisi," alisema, akimwangushia Fundi kufuli miguuni. "Wateja unawakataza wasinunue haya. Mimi ndiye unayenifungia nalo." Akauchomoa ubapa wa chuma, ukaanguka sakafuni kwa mlio mkubwa, akayasukuma mabawa. Hewa ikaingia. Pazia likajaa upepo kama tumbo.

Wifi ndiye aliyesema kwanza, na sauti yake safari hii haikuvuka hata mlango. "Mume wangu alinifungia jikoni."

Wote wakamgeukia. Wifi alirudi kwa kaka yake miaka mingi nyuma na sanduku moja, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba hawakuelewana.

"Nilikuwa nalowa hivyo hivyo," alisema, akitazama sakafu. "Mashuka nilikuwa nafua bafuni, naanika chini ya kitanda. Akasema nimerogwa. Akasema nitamwambukiza. Akanirudisha."

Mama Pasi alishuka kitandani taratibu. Mtu angetegemea amkumbatie. Hakumkumbatia.

"Ulijua?"

Wifi alijivutia ncha ya kanga yake.

"Ulipolibana shuka langu kwa vidole viwili, ulijua ni jasho?"

"Nilijua."

"Ukasema nakojoa. Majirani wakasikia. Ukamwambia kaka yako nang'aa. Ulijua!"

"Mimi nani aliniambia?" Wifi alilipuka, machozi yakimtoka. "Nani alinifunika? Niliumia peke yangu, kwa nini wewe usiumie?"

Na hilo ndilo lililomuuma Mama Pasi kuliko mkono wake. Mumewe hakujua na hakutaka kujua, ni kosa kubwa. Lakini huyu alikwishaipita njia ile, alijua kila shimo lilipo, akakaa pembeni na kumwangalia mwenzake anavyotumbukia.

"Toka chumbani kwangu," alisema. "Wote wawili. Binti, wewe baki. Kaa hapa nikueleze mambo."

*

Asubuhi Mama Pasi alianika shuka katikati ya kamba, mchana kweupe. Redio ya jirani ilipopunguzwa, alipaza sauti: "Ni jasho! La kukoma hedhi! Mwenye swali aje mlangoni!" Redio ikapandishwa haraka.

Kisha akavaa sare yake na kwenda kazini. Bwana Haraka alimkuta amekaa mlangoni, kwenye kiti chake, kwenye upepo wake.

"Mama, si tulishamalizana na mumeo?"

"Mume wangu hajui kupiga pasi. Ulimwajiri yeye?"

Wasichana waliacha kukunja.

"Nimekuja kazini. Mkono huu ukipona, nataka meza ya pasi ihamie hapa. Mpaka upone, nitawasimamia hawa nikiwa hapa hapa. Mapazia ya hoteli ya wiki hii nani anayeweza kuyanyoosha marinda? Wewe?"

Bwana Haraka alitazama rundo la mapazia, akatazama wasichana, nao wakatazama viatu vyao. Alikuna shingo. "Kwa majaribio," alinung'unika. "Na nikiona umetoka nje tena—"

"Utaniona. Nitatoka, na nitarudi. Zoea."

Aliporudi nyumbani siku ile, alisikia nyundo akiwa bado getini. Fundi alikuwa nyuma ya nyumba, ameloa jasho, anakaza nondo nje ya dirisha la chumba chao. Nondo nzuri, zimenyooka, zimepakwa rangi, kila moja imezama ukutani. Nyuma yake mabawa ya dirisha yalikuwa wazi kabisa, na mwizi, hata akipitisha mkono, asingeweza kuingia.

Alishuka kwenye kigoda, akafuta mikono. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeleta matokeo mazuri. "Umeona? Sasa hata ukiliacha wazi mwaka mzima."

Mama Pasi alizigusa zile nondo, moja baada ya nyingine. Zilikuwa bado na joto la jua.

"Umeanza lini?"

"Nilipotoka kula. Alasiri hii tu."

"Alasiri moja."

"Ndiyo. Kazi ndogo."

Alimtazama mumewe muda mrefu. Alikumbuka miezi ya kukaa sakafuni, foronya kwenye vumbi, kikohozi cha nyuma ya ukuta, ngozi ya mkono wake ilivyobaki kwenye kitambaa. Alikumbuka swali lile, unamsubiri nani. Yote hayo, na dawa yake ilikuwa ndani ya mkoba wa vifaa unaoning'inia sebuleni kila siku ya Mungu.

"Kumbe uliweza," alisema.

Fundi alisubiri. Alikuwa anasubiri neno fulani, na wote wawili walilijua. Halikuja. Mama Pasi aliingia ndani, akatoka amevaa raba. Bintiye alikuwa anamsubiri getini, amevaa za kwake. Jikoni, Wifi alikuwa amesimama dirishani na sufuria ya mboga, kijiko cha pilipili mkononi, hajakitia bado. Mama Pasi alimwona. Hakumwita, na hakumfukuza.

Geti lilikuwa na mnyororo. Fundi alikimbilia kiunoni kutafuta ufunguo, mikono inababaika.

"Usihangaike," mkewe alisema, akachomoa kibanio cha nywele.